Florence Nightingale na Mwanafunzi wa Wodini

Wasomaji wengi wa jarida hili walikutana na jina la Florence Nightingale tangu utotoni, katika kitabu cha kusoma, kando ya picha ya mwanamke aliyeshika taa akipita kati ya vitanda vya askari majeruhi. Picha hiyo haina uongo, ila imempunja. Imemfungia katika vita vilivyomchukua muda usiotimia miaka miwili, hali yeye aliishi miaka 90. Kazi iliyomshughulisha kwa muda mrefu zaidi ni ile ile tuliyo nayo sisi vyuoni: kumfundisha mtu anayejifunza kazi huku akiifanya. Kwa sababu hiyo nimeona yafaa kuyasimulia maisha yake katika kurasa zinazohusu njia za kufundisha, na nitakaa juu ya shule yake ya wauguzi zaidi kuliko juu ya taa.

Alizaliwa tarehe 12 Mei 1820 katika mji wa Florence, Italia, wazazi wake Waingereza wakiwa safarini, nao wakampa jina la mji huo. Walikuwa watu wa mali, wenye majumba mawili makubwa mashambani, Lea Hurst katika jimbo la Derbyshire na Embley katika jimbo la Hampshire. Baba yake, William Edward Nightingale, alikuwa amesoma katika Chuo Kikuu cha Cambridge, naye akachukua jukumu la kuwafundisha mwenyewe mabinti zake wawili. Aliwafundisha Kigiriki na Kilatini, lugha za Ulaya, historia na falsafa, wakati ambapo binti wa tabaka lao alionekana amekwisha elimika akijua kucheza kinanda, kutarizi na kupokea wageni. Florence alipenda hisabati kuliko yote. Mama yake hakuona mwanamke ataifanyia nini hisabati, na ilimlazimu binti kuililia kabla ya kuruhusiwa kuisoma. Tutaona baadaye aliifanyia nini.

Mnamo tarehe 7 Februari 1837, akiwa na umri wa miaka 16, aliamini kwamba Mungu amemwita katika utumishi. Hakuambiwa utumishi gani, na ilimchukua miaka mingi kuutambua kuwa ni uuguzi. Mwaka 1845 aliwaomba wazazi wake wamruhusu akae miezi michache katika hospitali ya Salisbury apate kujifunza. Walikataa katakata. Tusiwalaumu upesi. Hospitali za Uingereza siku hizo zilikuwa mahali pa maskini. Mwenye uwezo aliuguzwa nyumbani kwake. Waliowauguza wagonjwa hospitalini walikuwa wanawake wasiofundishwa na mtu, wenye ujira duni, na wengi wao walijulikana kwa ulevi. Kumpeleka binti wa nyumba kubwa kwenda kujifunza kwao kulionekana ni kumtupa.

Basi akajisomea peke yake. Alfajiri, kabla nyumba haijaamka, aliwasha mshumaa akasoma taarifa za hospitali na za afya ya umma kutoka Uingereza na nchi nyingine za Ulaya, akanakili takwimu katika madaftari, kisha akashuka kunywa chai pamoja na jamaa zake kana kwamba hakuna alilolifanya. Aliendelea hivyo kwa miaka kadhaa.

Mwaka 1851, akiwa amefika miaka 31, hatimaye aliruhusiwa kukaa miezi mitatu huko Kaiserswerth, Ujerumani. Mahali hapo palianzishwa mwaka 1836 na mchungaji Theodor Fliedner. Palikuwa na hospitali, nyumba ya yatima, shule ya watoto wadogo, na darasa la kuwafunza wanawake kuwa walimu. Kwa hiyo mahali pa kwanza Nightingale alipojifunza uuguzi, wauguzi na walimu waliandaliwa chini ya paa moja. Aliamka saa kumi na moja alfajiri, alikula chakula cha kawaida, alihudhuria upasuaji. Hata hivyo miaka ya baadaye hakukubali kabisa iseme watu kwamba alifunzwa huko. Aliusifu moyo wa utumishi aliouona, lakini kwa maoni yake uuguzi wenyewe ulikuwa duni na usafi mbaya. Nalitaja jambo hili kwa sababu linaeleza mengi yaliyofuata. Alikuwa ameona watu wema, wacha Mungu, wasiochoka, ambao hawakumfundisha kazi.

Mwaka 1853 baba yake alimpa posho ya pauni 500 kwa mwaka, naye akachukua usimamizi wa hospitali ndogo ya wanawake huko Upper Harley Street, London. Mwaka uliofuata Uingereza na Ufaransa zikaingia katika vita vya Crimea, upande wa Waturuki dhidi ya Urusi. Magazeti ya London yakaandika jinsi majeruhi wa Kiingereza walivyoachwa bila huduma. Waziri wa mambo ya vita, Sidney Herbert, aliyekuwa rafiki yake, akamwomba aongoze wauguzi. Aliwasili Scutari, ng'ambo ya Istanbul, tarehe 4 Novemba 1854, pamoja na wanawake 38.

Mambo ya Scutari yamesimuliwa mara nyingi, nami nitayapita haraka. Hospitali ilikuwa kambi kubwa ya askari iliyojengwa juu ya mifereji ya maji machafu iliyoziba. Kuhara damu, kipindupindu na homa viliua watu wengi kuliko risasi. Februari 1855 vifo vilifikia kiasi cha wagonjwa 42 katika kila 100. Mwezi wa Machi serikali ikatuma tume ya usafi, nayo ikazibua mifereji, ikaondoa mizoga, ikapaka kuta chokaa na kufungua njia za hewa. Kufikia Juni vifo vilikuwa vimeshuka hadi wagonjwa kama 2 katika 100. Nightingale mwenyewe alikuwa amepanga jiko, ufuaji, mavazi na chakula, na usiku alizunguka na taa yake, askari walimpenda. Lakini aliporudi nyumbani mwaka 1856, akiwa mgonjwa wa homa aliyoipata huko na ambayo ilimwacha dhaifu kwa miaka mingi, hakutaka kushangiliwa. Alikaa na William Farr, bingwa wa takwimu, wakahesabu vifo vya jeshi zima. Hesabu zikaonyesha kwamba walioangamia kwa magonjwa yanayozuilika walikuwa wengi mno kuliko waliouawa na majeraha. Akazichora katika mchoro wa duara wenye rangi, mwaka 1858, ili hata mkubwa asiyependa kusoma majedwali apate kuona kwa jicho moja. Sisi wa zana za kufundishia tunaweza kuuhesabu mchoro huo miongoni mwa zana bora zilizowahi kutengenezwa. Chama cha Takwimu cha London kikamchagua kuwa mwanachama, mwanamke wa kwanza kupata nafasi hiyo. Hivyo ndivyo hisabati ilivyotumika.

Wakati vita vingali vikiendelea, Novemba 1855, wananchi wa Uingereza walikusanya mchango kwa heshima yake, ukafika zaidi ya pauni 44,000. Fedha hizo zilitengwa kwa ajili ya kuanzisha mafunzo ya wauguzi. Baada ya kusitasita sana, maana afya yake ilikuwa mbovu na kazi za jeshi zilimjaa, alikubali shule ianzishwe katika hospitali ya St Thomas, London. Ilifunguliwa katikati ya mwaka 1860, ikiwa na wanafunzi 15.

Utaratibu wake ulikuwa mpya. Mwanafunzi alitakiwa awe na umri wa miaka 25 hadi 35 na cheti cha tabia njema. Alipewa chumba chake mwenyewe cha kulala, chakula, sare ya gauni la kahawia na aproni nyeupe, na posho ya pauni 10 kwa mwaka. Mafunzo yalikuwa ya mwaka mmoja. Kisha alifungwa na mkataba wa kutumikia hospitali yoyote atakayopelekwa kwa miaka kadhaa. Nia ilikuwa kuandaa wanawake ambao wangekwenda hospitali nyingine na kuwafundisha wengine huko. Kwa lugha yetu, shule ile iliandaa wakufunzi.

Mwanafunzi huyo alijifunza nini hasa? Orodha ya kazi aliyopewa tangu kuingia yafaa isomwe polepole, kwa kuwa humo tunaona jinsi kazi kubwa ilivyogawanywa mpaka ikawa vipande vinavyofundishika na kupimika. Alifunzwa kusafisha na kufunga vidonda, majeraha ya moto na malengelenge. Kukanda kwa maji ya moto. Kuweka ruba wa kufyonza damu, kama ilivyokuwa desturi ya tiba ya siku hizo. Kumpiga mgonjwa bomba la kusafisha tumbo. Alifunzwa kumhudumia asiyejiweza: kumgeuza, kumwogesha, kumlisha, kumpa joto au kumpoza, na kumkinga na vidonda vinavyotokana na kulalia upande mmoja kwa muda mrefu. Alitengeneza bendeji na kuzifunga, alitayarisha banzi za mifupa iliyovunjika, alibadili shuka mgonjwa akiwa bado amelala juu yake, alihudhuria upasuaji. Alipika uji na vinywaji vya wagonjwa. Aliingiza hewa safi wodini usiku na mchana, na kusafisha vyombo vyote.

Sehemu ya mwisho ya orodha ndiyo iliyo ngumu kuliko zote, nayo ni kutazama. Mwanafunzi alitakiwa ajifunze kuangalia makohozi, mapigo ya mshipa, ngozi, hamu ya chakula, usingizi, pumzi, hali ya kidonda, vipele, usaha, fahamu, na matokeo ya chakula na dawa, kisha amweleze daktari kwa usahihi. Kumfundisha mtu kufunga bendeji ni rahisi: unafunga, anatazama, anafunga, unamsahihisha. Kumfundisha mtu kuona ni jambo jingine, na hapa Nightingale alikuwa na mengi ya kusema katika kitabu chake Notes on Nursing, kilichotoka miezi michache kabla ya shule kufunguliwa.

Aliandika humo, kwa mfano, juu ya maswali. Mtu akiuliza kama mgonjwa amelala vizuri, jibu atakalopata halina maana, kwa sababu mgonjwa mmoja huuita vibaya usiku ambao mwingine angeushukuru. Aulize mgonjwa amelala saa ngapi na katika saa zipi za usiku, hapo atakuwa amepata habari. Akiuliza kama mgonjwa amekula, ataambiwa ndiyo, kumbe chakula kimeguswa tu. Naomba mwanachuo alipime swali hilo kwa lile linalosikika katika madarasa yetu kila siku, pale mwalimu anapowauliza watoto 60 kama wameelewa, nao wakaitikia kwa sauti moja kwamba wameelewa. Muuguzi wa aina hiyo huandika katika ripoti kwamba mgonjwa amelala vizuri.

Kadhalika alitoa mfano wa mfanya mazingaombwe wa Ufaransa, Robert-Houdin, aliyemzoeza mwanawe kutazama. Baba na mtoto walipita upesi mbele ya dirisha la duka la vitu vya kuchezea, kisha kila mmoja akaandika vitu vyote alivyoviona, halafu wakarudi kuhakikisha. Baada ya mazoezi mengi mtoto alimshinda baba yake. Nightingale alitaka uangalifu wa namna hiyo uwe mazoea ya muuguzi kwa kuuzoeza siku hata siku, maana hakuamini kwamba mtu huzaliwa nao. Zoezi hili linaweza kufanywa katika darasa la kwanza, kwa vitu kumi vilivyofunikwa kwa kitambaa juu ya meza, na halihitaji senti.

Maendeleo ya kila mwanafunzi yaliandikwa katika fomu. Upande mmoja ulikuwa wa tabia: kuwahi, utulivu, uaminifu, unadhifu na utaratibu wodini. Upande wa pili ulifuata orodha ya kazi niliyoieleza, kipande kwa kipande, na kila kipande kilipewa daraja kuanzia bora kabisa hadi sifuri. Mkuu wa wauguzi wa hospitali, Sarah Wardroper, ndiye aliyekuwa pia mkuu wa shule. Mtabibu mkazi wa hospitali, Richard Whitfield, alipewa jukumu la kutoa mihadhara. Masista wa wodi walitarajiwa kuwafundisha wanafunzi kazini. Kwenye karatasi ulikuwa mpango usio na dosari, na sifa zake zikaenea nchi nyingi.

Kumbe ndani mambo hayakuwa hivyo. Nightingale alikuwa mgonjwa, akifanya kazi kutoka chumbani mwake, akishughulika na afya ya jeshi na mambo ya India, na kwa miaka kama kumi aliiacha shule mikononi mwa wengine. Hospitali yenyewe ilikuwa imehamishwa kupisha njia ya reli, ikakaa katika majengo ya muda, na mwaka 1871 ikahamia majengo mapya makubwa huko Lambeth. Wodi ziliongezeka, na mikono ikahitajika. Nightingale alipoanza kuichunguza shule kwa makini wakati huo, aligundua kwamba Whitfield alikuwa ameacha kufundisha ipasavyo kwa muda mrefu, tena alikuwa amezama katika ulevi. Wanafunzi walikuwa wakitumiwa kuziba pengo la watumishi. Walisugua, wakabeba, wakakesha, na hakuna aliyeshughulika kuwaeleza kwa nini jambo hili hufanywa hivi na lile vile. Baadhi waliugua, wengine wakaondoka kabla ya kumaliza.

Sababu yake haikuwa ubaya wa mtu mmoja, ijapokuwa ulevi wa Whitfield ulichangia. Bibi Wardroper alikuwa mtu mwaminifu na mchapa kazi. Lakini alivaa kofia mbili. Kama mkuu wa wauguzi alitakiwa leo, saa hii, kila kitanda kiwe na mtu wa kukihudumia. Kama mkuu wa shule alitakiwa amwachie mwanafunzi muda wa kutazama, kuuliza, kuandika, kukosea na kusahihishwa. Mahitaji hayo mawili yanapogombana ndani ya mtu mmoja, hapana shaka lipi litashinda. Mgonjwa analalamika; mwanafunzi asiyefundishwa halalamiki, kwa sababu hajui alichonyimwa.

Mwanachuo aliyekwisha kwenda mazoezi ya kufundisha atalitambua jambo hili bila kuelezwa. Anafika shuleni, mwalimu mkuu anashusha pumzi kwa furaha, na kufikia saa nne asubuhi amekabidhiwa vipindi vyote vya mwalimu aliye likizo. Wiki zinapita bila mtu kuketi nyuma ya darasa lake. Siku ya mwisho fomu inajazwa kwa kalamu moja na kwa pumzi moja. Katika miaka yangu ya kuzunguka na kukagua mazoezi nimepata kuona shule moja, nisiyopenda kuitaja, ambako fomu za wanachuo wanne zilikuwa na maneno yale yale, hata kosa la tahajia lilikuwa lile lile. Wanachuo hao walikuwa wamefanya kazi kwa bidii sana. Ila walichojifunza walijifundisha wenyewe, pamoja na mazoea mabaya ambayo hakuna aliyewaambia kuwa ni mabaya.

Nightingale hakuifunga shule, wala hakumfukuza Bibi Wardroper, ambaye aliendelea na kazi miaka mingi. Alichofanya ni kumweka mtu ambaye kazi yake ni wanafunzi tu. Ikaanzishwa nafasi ya Sista wa Bweni, aliyeishi nao, akarudia nao mihadhara, akawaongoza katika kusoma na akasikiliza shida zao. Wa kwanza hawakukaa muda mrefu, kwa sababu walio hodari walitakiwa kwingine. Lakini Mary Crossland, aliyeshika nafasi hiyo mwaka 1875, alidumu kwa takriban miaka 20, na nadhani ndiye aliyeifanya shule iwe kama ilivyosifiwa. Nafasi ya Whitfield alipewa daktari John Croft, akatunga mihadhara yenye mpangilio na kuwapima wanafunzi kwa mitihani.

Jambo la tatu ndilo linalonivutia zaidi. Kila mwanafunzi alitakiwa kuandika shajara ya yale aliyoyafanya na kuyaona wodini, pamoja na muhtasari wa mihadhara, na Nightingale mwenyewe alizisoma. Aliwaita nyumbani kwake South Street mmoja mmoja, akawapa chai, akawauliza juu ya wodi zao: nani anawaonyesha kazi, wameona wagonjwa wa aina gani, usiku hupita vipi. Mgeni akiondoka, aliandika maelezo marefu juu yake. Kwa njia hiyo aliwajua wanafunzi, na zaidi ya hayo alizijua wodi, maana shajara ya mwanafunzi humfichua mwalimu wake. Sista asiyefundisha alionekana katika daftari tupu la mwanafunzi wake. Kuanzia 1872 aliwaandikia pia barua ndefu, ambayo husomwa mbele yao wote, akiwahimiza wasijione wamekwisha jua. Barua hizo ziliendelea, kwa vipindi, karibu miaka 30.

Wahitimu walitawanyika. Agnes Jones alikuwa ametangulia mwaka 1865 kwenda hospitali ya nyumba ya maskini ya Liverpool, pamoja na wauguzi 12, akafa huko kwa homa ya taifasi mwaka 1868. Mwaka huo huo Lucy Osburn alifika Sydney, Australia, na wenzake watano. Shule za mfano huo zikafunguliwa Marekani na kwingineko, nyingi zikichukua sare na nidhamu, na pamoja nazo ile hitilafu ya mwanzo, kwa kuwa hospitali zilikwisha gundua kwamba mwanafunzi ni kibarua rahisi. Aliyeipinga hitilafu hiyo kwa nguvu alikuwa Adelaide Nutting, ambaye mwaka 1907 alikuwa muuguzi wa kwanza duniani kushika cheo cha profesa. Cheo hicho alikipata katika Teachers College ya Chuo Kikuu cha Columbia, New York, yaani katika chuo cha walimu. Huko Uingereza ilichukua muda mrefu zaidi. Chuo Kikuu cha Edinburgh kilianza kutoa shahada ya uuguzi mwaka 1960, na ni kuanzia 1989 tu ndipo mpango wa kitaifa ulipowatoa wanafunzi wa uuguzi katika hesabu ya watumishi wa wodi. Kanuni za huko za mwaka 2018 zilitaka mwanafunzi wa shahada atimize saa 4,600, nusu nadharia na nusu vitendo, na awapo wodini asihesabiwe kuwa mtumishi. Kati ya shule ya Nightingale na kanuni hiyo kuna miaka zaidi ya 150.

Lakini yeye mwenyewe si kila badiliko alilolikubali. Kwa muda mrefu aliamini kwamba magonjwa huletwa na hewa chafu, na aliyapokea polepole maarifa mapya ya vijidudu. Tena, mwaka 1887 wauguzi wakiongozwa na Ethel Bedford Fenwick walipounda chama kudai mtihani wa pamoja na daftari la serikali la wauguzi waliosajiliwa, aliwapinga kwa miaka kadhaa. Hoja yake ilikuwa kwamba mtihani hupima kinachokumbukwa, nao hauwezi kuonyesha jinsi mtu anavyomgeuza mgonjwa asiyejiweza saa tisa za usiku. Na kwamba jina likiandikwa katika daftari leo halithibitishi kuwa mwenye jina bado anafaa baada ya miaka kumi. Historia ilimpita: sheria ya usajili ilipitishwa Uingereza mwaka 1919. Mimi naona wapinzani wake walikuwa na haki juu ya usajili, kwa sababu bila huo mgonjwa hana njia ya kumtambua muuguzi aliyefunzwa. Hata hivyo swali lake juu ya mtihani halijajibiwa, si kwa wauguzi wala kwa walimu.

Miaka yake ya mwisho macho yalififia na kumbukumbu ikapungua. Mwaka 1907 mfalme wa Uingereza alimtunukia nishani ya juu ambayo haikuwa imetolewa kwa mwanamke kabla yake. Alifariki London tarehe 13 Agosti 1910, shule yake ikiwa imetimiza miaka 50. Jamaa zake walipewa nafasi ya kumzika Westminster Abbey, wanapozikwa wakubwa wa taifa, wakaikataa kwa kufuata wosia wake. Alizikwa katika kijiji cha East Wellow, karibu na nyumba ya utoto wake, jeneza likichukuliwa na masajini sita wa jeshi. Juu ya kaburi la wazazi wake ziliongezwa herufi mbili za jina lake, na tarehe.